Mfano Unaokuja na Hukumu Yake



Tarehe 26 Julai 1956 Rais Gamal Abdel Nasser alisimama mbele ya umati mkubwa mjini Alexandria akatangaza kwamba Misri imeitaifisha Kampuni ya Mfereji wa Suez. Wiki moja kabla ya hapo Marekani ilikuwa imejitoa katika mpango wa kugharimia Bwawa Kuu la Aswan, na Uingereza ikafuata. Nasser akasema basi mapato ya mfereji ndiyo yatakayojenga bwawa. Wenye hisa aliwaahidi fidia kwa bei ya hisa zao katika soko la Paris. Palikuwa na mengi ya kubishania. Je, ahadi ya fidia ingetimizwa? Meli za mataifa yote zingeendelea kupita kwa haki sawa, kama mkataba wa mwaka 1888 ulivyotaka? Ada ya kupita ingepangwa na nani?

Huko London na Paris maswali hayo yalifunikwa na jina moja: Hitler. Tarehe 8 Agosti Waziri Mkuu wa Uingereza, Anthony Eden, alizungumza na wananchi wake kwa redio na televisheni, akawakumbusha jinsi serikali za kifashisti zinavyoenenda na hasara wanayoipata wanaozilegezea kamba. Waziri Mkuu wa Ufaransa, Guy Mollet, alikifananisha kitabu cha Nasser kuhusu mapinduzi ya Misri na Mein Kampf, kitabu cha Hitler. Hata kiongozi wa upinzani wa Uingereza, Hugh Gaitskell, alikwisha kusema bungeni tarehe 2 Agosti kwamba mwenendo ule ni uleule walioushuhudia kwa Mussolini na Hitler kabla ya vita.

Watu hawa hawakuwa wajinga, na sidhani kwamba walikuwa wanadanganya. Februari 1938 Eden mwenyewe alijiuzulu uwaziri wa mambo ya nje kwa sababu hakukubaliana na mkubwa wake, Neville Chamberlain, juu ya namna ya kushughulika na Mussolini. Septemba mwaka huohuo Chamberlain akaenda Munich, akaridhia Hitler achukue sehemu ya Chekoslovakia, na mwaka uliofuata vita vikazuka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwaka 1956 Eden aliona unyasi kwenye Mto Nile.

Sasa tuulize: Nasser na Hitler walifanana wapi? Wote wawili walikuwa wasemaji hodari, walipenda umati, hawakuvumilia wapinzani, na wote walivunja jambo ambalo wakubwa wa dunia walidhani limekwisha kupangwa. Hayo ni kweli tupu. Lakini Misri ya mwaka 1956 haikuwa na jeshi la kuitisha Ulaya, na mfereji ule haukuwa ardhi ya jirani iliyoporwa. Ulipita ndani ya Misri, na mikono ya maelfu ya wakulima wa Misri, wengine wakisukumwa kwa nguvu, ndiyo iliyouchimba katika karne ya 19.

Hata hivyo mfano ulikuwa umeshafanya kazi yake, na kazi yenyewe ilikuwa kuwaambia watu wamfanye nini Nasser. Maana kwa Hitler hakuna mazungumzo. Ukishakubali kwamba huyu ni Hitler, basi mpatanishi ni mwoga, anayeomba subira ni Chamberlain wa pili, na anayeuliza habari za hisa na ada haelewi uzito wa mambo. Hukumu imeingia mlangoni pamoja na mfano, na hakuna aliyeisomea mashtaka.

Mwisho wa Oktoba Israel ikaingia Sinai, ndege za Uingereza na Ufaransa zikaanza kupiga mabomu, na mapema Novemba askari wao wakateremka. Shinikizo la Marekani likawasimamisha katika siku chache. Wamisri walikuwa wamezamisha meli ndani ya mfereji, kwa hiyo njia iliyosemwa kwamba inalindwa ikafungwa hadi Aprili 1957, na meli za kati ya Ulaya na bandari zetu za Mombasa, Tanga na Dar es Salaam zikalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Januari mwaka huohuo Eden akajiuzulu. Gaitskell, yule aliyemtaja Hitler mwezi Agosti, alikuwa ameshakuwa mpinzani mkali wa vita hivyo. Na wenye hisa? Mwaka 1958 Misri ilipatana nao juu ya fidia, wakalipwa.

Nimekaa sana juu ya Suez kwa sababu inaonyesha wazi jambo ninalotaka tulitambue popote tulipo, katika mkutano wa kijiji, bungeni, katika kikao cha ukoo, katika kundi la simu. Mtu akikwambia fulani ni kama fulani, usitosheke kuuliza kama ni kweli wanafanana. Uliza pia mfano huo unakuagiza umfanye nini aliyefananishwa.

Sisemi kwamba kulinganisha ni kosa. Hakimu hulinganisha kesi iliyo mbele yake na kesi zilizokwisha kuamuliwa. Mkulima hulinganisha mvua za mwaka huu na za mwaka ule wa njaa, akajua apande nini. Hatuwezi kufikiri bila kulinganisha. Ubaya unaanza pale mshabaha unapookotwa kutoka mahali pasipohusu ugomvi wenyewe, ukaletwa kwa sababu tu jina lililobandikwa juu yake linanuka.

Chukua mfano wa tumbaku. Hitler aliichukia sigara, na serikali yake iliendesha kampeni kubwa dhidi ya uvutaji. Hilo liko katika historia. Sasa Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka 2003, na Kenya ikatunga yake mwaka 2007. Mtu anayetaka kuendelea kuvuta ndani ya basi anaweza kusimama na kusema kwamba wabunge wetu wanafuata njia ya Hitler, na hatakuwa amesema uongo hata nukta moja. Mshabaha upo. Ila haugusi swali lililo mezani, ambalo ni mapafu ya mtoto aliyekaa kiti cha nyuma. Kwa hiyo ukweli wa mshabaha hautoshi. Lazima uwe mshabaha wa jambo tunalobishania.

Tuje nyumbani. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lugha ya siasa ya Tanzania ilijaa wanyonyaji, mirija na kupe. Nia ilieleweka, na mimi ni mmoja wa wanaoamini kwamba swali lililoulizwa na Azimio lile, yaani nani anakula jasho la nani, lilikuwa swali la haki na bado ni la haki. Bwanyenye mwenye majumba kumi ya kupangisha, anayeishi kwa kodi za watu wanaolala wanne chumba kimoja, tunaweza kujadili uhusiano wake na wapangaji wake. Lakini kupe hajadiliwi. Kupe hubanduliwa akapondwa. Na mdudu huyo hakukaa kwa mwenye majumba peke yake. Alihama. Akawekewa mwenye duka la Kihindi hata kama duka lenyewe lilikuwa la khanga na chumvi. Akawekewa kijana aliyetoka shamba kuja mjini kutafuta riziki. Mwaka 1983, ilipokuja Sheria ya Nguvu Kazi, kati ya waliosombwa Dar es Salaam kurudishwa vijijini kwa jina la wazururaji walikuwamo watu wanaofanya kazi tangu alfajiri: wachuuzi, wauza vyakula, watu wenye biashara za kubeba mikononi. Kazi yao ilionekana kwa macho ya kila mpita njia. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali la kawaida kabisa: huyu mama anayechoma mihogo anamnyonya nani?

Hapo ndipo tunapopaswa kuwa macho sana na mifano ya wadudu na wanyama. Mfano wa binadamu mbaya, hata Hitler, unamwacha mtu katika ubinadamu wake. Anaweza kushtakiwa, kujitetea, kuadhibiwa, hata kutubu. Mdudu hana mahakama.

Na kwa sisi wa redio habari hii ina jina na tarehe. Mwezi Julai 1993 kituo cha RTLM kilianza kutangaza Kigali. Kabla yake lilikuwapo gazeti la Kangura, lililoanza mwaka 1990. Vyote viwili vililitumia neno inyenzi, yaani mende. Neno hilo lilikuwa na historia: katika miaka ya 1960 waliitwa hivyo wapiganaji wa uhamishoni waliokuwa wakivuka mpaka usiku kuishambulia Rwanda. Wakati huo lilikuwa jina la watu wenye bunduki. Miaka ya 1990 lilinyooshwa likamfunika mwalimu wa shule, mkunga, mzee wa kanisa na mtoto mchanga, mradi tu wawe Watutsi. Mwaka 1993 Kangura liliandika makala iliyojengwa juu ya dai kwamba mende hawezi kuzaa kipepeo. Tazameni ufundi wa dai hilo. Hakuna tendo lolote linalotajwa. Hakuna anayesema mtoto huyu alifanya nini. Mfano unajibu kila kitu mapema: amezaliwa hivyo, atakuwa hivyo, na watoto wake pia. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, kuua kukaitwa kazi, na katika muda wa takriban siku 100 watu wanaokadiriwa kufikia laki 8 waliuawa.

Kesi ya wakuu wa vyombo hivyo viwili ilisikilizwa kwetu, Arusha, katika mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa ndani ya jengo la mikutano ya kimataifa. Desemba 2003 Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze wa Kangura, walitiwa hatiani. Mwaka 2007 rufaa ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo vyao, lakini haikuwaachia huru. Kila anayeshika kipaza sauti katika eneo letu la Maziwa Makuu afahamu kwamba hukumu ile ipo, na kwamba ilitolewa safari ya basi moja kutoka hapa tulipo.

Je, basi tuache kabisa kuwataja watu waovu wa historia? Hapana, na nitawapeni sababu kutoka Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam. Mwezi Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Bunge lilijadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge, wengi wao wa TANU, walitaka uraia uwe wa Waafrika, na watu wa asili ya Asia na Ulaya wasubiri au wawekewe masharti ya peke yao. Mwalimu Nyerere alisimama kwa hasira. Alisema serikali yake haitakubali kuutenga uraia na uaminifu kwa nchi na kuuozesha kwa rangi ya ngozi, na kwamba iko tayari kujiuzulu kuliko kulikubali hilo. Na katika hasira hiyo akawafananisha waliokuwa wakiipinga hoja yake na akina Hitler, watu wanaotukuza mbari yao.

Mfano huo ulikuwa wa haki? Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Nasema ulikuwa wa haki zaidi ya ule wa Eden, na sababu ni hii: uligusa hasa kitu kilichokuwa mezani. Swali la siku ile lilikuwa kama asili ya mtu iamue uraia wake. Hitler alilijibu swali hilohilo mwaka 1935, kwa sheria za Nuremberg zilizowavua Wayahudi uraia wa Ujerumani. Mwalimu hakuokota mshabaha wa masharubu.

Lakini jina la Hitler halibebi sheria ya uraia peke yake. Linabeba na mauaji ya Wayahudi takriban milioni 6, na wabunge waliokaa kwenye viti vya Karimjee hawakuwa wauaji wala hawakupanga kuua mtu. Walitoka katika nchi iliyokuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, na Mwafrika akapewa za mwisho kwa ubora. Hofu yao kwamba uhuru utawakuta bado wako nyuma ya mstari ilistahili jibu lake yenyewe, na mtu aliyekwisha kuitwa Hitler hapewi jibu, anapewa kisogo. Kwa hiyo mimi ningemwomba Mwalimu alitoe jina lile. Na hapa ndipo panapoonekana ukubwa wa hoja yake: litoe jina la Hitler katika hotuba ile, hoja inabaki imesimama wima kama ilivyokuwa. Uaminifu kwa nchi, haki ya binadamu bila kutazama rangi, yote yamo. Fanya hivyohivyo na hotuba za Agosti 1956, utoe Hitler na Mussolini, utabaki na kampuni, fidia na ada, mambo ambayo watu wangeweza kukaa kitako wakayamaliza.

Kuna na nyakati ambapo mwenye kufananishwa amejifananisha mwenyewe. Septemba 1972 Idi Amin alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, telegramu ya kusifu mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Hitler. Alikuwa wakati huo ameshawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke nchini. Aliyemlinganisha Amin na Hitler baada ya hapo hakumchafulia jina. Alisoma telegramu.

Nimezungumza juu ya marais na mabunge, lakini mfano wa kumvunja mtu unatembea kila siku katika nyumba zetu, na mara nyingi umevaa nguo za upole. Kikao cha mirathi kimekaa. Kijana anaomba hesabu ya shamba la mikarafuu ionyeshwe kwa maandishi. Mjomba anatikisa kichwa: "Huyu ni babake mtupu." Kila aliyekaa kwenye mkeka anajua marehemu babake kijana aliuza nyumba ya ukoo akanywa fedha. Hakuna aliyesema kijana ni mwizi. Lakini hesabu imekwisha kuzimwa, na kijana anatumia jioni nzima kumtetea maiti badala ya kusoma karatasi. Na akimkabili mjomba, atajibiwa: "Mimi nimesema mnafanana sura." Mfano una mlango wa nyuma, msikilizaji. Tusi likishikwa mkono hutokea humo likawa sifa.

Halafu kuna ule wa kumlinganisha mtu na mtu mwema. Huu tunaupokea kwa heshima, kumbe unaweza kuwa mchungu kuliko wa Hitler. Mwananchi anadai haki yake, anaambiwa: Mandela alikaa kifungoni miaka 27 akasamehe, wewe nani usisamehe? Mandela anayetajwa hapo amekatwa nusu. Hatajwi yule aliyeshiriki kuanzisha kundi la kijeshi la Umkhonto we Sizwe mwaka 1961. Hatajwi yule aliyekataa mwaka 1985 kutoka gerezani kwa sharti la kukana matumizi ya nguvu. Wala haikumbukwi kwamba Mandela huyohuyo jina lake lilikuwa katika orodha ya Marekani ya watu wa kuangaliwa kwa ugaidi hadi mwaka 2008. Wanamleta mzee mwenye tabasamu ili anyamazishe watu.

Wazee wa Kenya walioteswa katika makambi ya wakoloni wakati wa Mau Mau walifungua kesi London mwaka 2009, miaka zaidi ya 50 baada ya mateso. Wangeweza kuambiwa, na naamini waliambiwa na wengi, kwamba yaliyopita si ndwele na kwamba wakubwa husamehe. Wao walitaka kitu kiitwe kwa jina lake. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Kudai kwao hakukuwafanya wadogo kuliko Mandela. Hakukumhusu Mandela hata kidogo. Kulihusu viboko, pingu na watu waliohasiwa.

Kuna vipindi vya kupiga simu katika karibu kila kituo chetu, na najua kazi ya watangazaji wenzangu ilivyo ngumu saa ile taa ya simu inapowaka. Mtu anaingia hewani akiwa na hasira: wafugaji wale ni nzige, au, wakulima wale ni kama Makaburu. Wengine hukata simu, na naelewa kwa nini. Pale panapochochewa watu kudhuru wenzao, simu ikatwe bila kusita. Pengine pote, ningependa tumshike mpigaji kwa swali kabla hajashuka. Ndugu yangu, wanafanana na nzige katika lipi? Tumpe muda ajibu, na asipojibu tumuulize tena kwa sauti ileile ya chini. Mara nyingi kuna jambo la kweli nyuma ya tusi: ng'ombe waliingia shambani usiku wa Jumapili wakala mahindi yaliyokuwa yamebakiza wiki mbili kuvunwa, na mwenyekiti wa kijiji alipelekewa habari akanyamaza. Sasa tuna shamba, tuna usiku, tuna mwenyekiti. Mfugaji naye anaweza kupiga simu akasema njia ya mifugo ililimwa mwaka gani na nani aliyegawa viwanja pale, na wote wawili wakasikika kwa majina yao.